Shangazi Ndani ya Dubwana: Mwongozo wa Vita vya Kijapani kwa Wakazi wa Usagara

Vaa kanga mbili. Moja ya heshima, moja ya kukalia, kwa sababu benchi la kibanda cha gemu lina msumari uliochomoza, na huo msumari ni mkongwe kuliko watoto wote watakaokuzunguka. Chukua sarafu za mia tano, tatu au nne. Usije na noti ya elfu kumi. Mwenye kibanda atakwambia hana chenji, na atakuwa hadanganyi.

Mwongozo huu ni wa mashangazi, mama wadogo na mabibi wa Usagara, hapa Tanga, na mitaa jirani ambao kila magharibi ikikaribia hutumwa wakamtoe mtoto kwenye gemu. Mnajua inavyokuwa. Chuoni wenzake wameshafungua juzuu, mwalimu ameshauliza, mtoto hayupo. Unamkuta kibandani mdomo wazi mbele ya runinga ya chogo, pedi mkononi. Ukimwita anakujibu, "Shikamoo shangazi, namalizia," na shingo haigeuki. Zamani alikuwa anamalizia mpira. Siku hizi kuna jioni anamalizia vita vya huko kwenye nyota, na yeye mwenyewe yumo ndani ya kifua cha mtu wa chuma mwenye urefu wa mita 18.

Usimvute sikio. Mimi mara ya kwanza nilivuta. Sikio likaja na mtoto, mtoto akaja na pedi, pedi ikaja na waya, waya ukaja na mashine kutoka juu ya stuli, na mashine nikailipa kwa awamu tatu. Kaa kitako. Ukishakaa, uliza ukoo.

Maana sisi hatumkaribishi mtu bila kujua ni wa nani, na haya madubwana yana nasaba yake. Babu yao ni Tetsujin 28, aliyechorwa na Mitsuteru Yokoyama mwaka 1956. Huyo aliendeshwa kwa rimoti kutoka mbali, na yeyote aliyeikamata rimoti ndiye bwana wake, awe mwema awe jambazi. Tabu hiyo unaifahamu kama nyumbani kwako kuna runinga moja, mume mpenda mpira na tamthilia ya saa tatu. Mwaka 1972 akaja Mazinger Z wa Go Nagai, na dereva sasa akawa anaingia ndani, anakaa kichwani kama mkwezi aliyefika kileleni. Nagai amesimulia kwamba wazo hilo lilimjia akiwa kwenye foleni ya magari: alitamani gari lake liote miguu liwaruke walio mbele yake. Wakongomani nao walikaa kwenye foleni ya namna hiyo hiyo, wakawaza vingine. Mwaka 2013 mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake wakasimamisha maroboti ya alumini kwenye njia panda za Kinshasa, yanakula umeme wa jua, yanainua mikono na kuwasha nyekundu na kijani, na madereva wasiomsikia trafiki wakaanza kulisikia bati. Mjapani alitaka dubwana la kuikimbia foleni, Mkongomani akatengeneza la kuisimamia. Tanga hatuna foleni, tuna baiskeli, ndiyo maana dubwana letu bado halijazaliwa.

Katika ukoo huo kuna mmoja huenda unamjua bila kujijua, kama una ndugu Uarabuni. Grendizer, wa mwaka 1975, aliingizwa sauti za Kiarabu akazagaa kwenye televisheni za Waarabu kuanzia miaka ya mwisho ya 1970. Binamu zangu waliokulia Muscat, wanaozungumza Kiswahili cha Unguja na kula urojo kila Ijumaa, hadi leo na mvi zao ukiwatajia jina hilo wanasahau wajukuu. Mmoja alinipigia simu mwaka 2022 usiku usiku, nikadhani kuna msiba. Kumbe Riyadh wamemsimamisha Grendizer wa chuma, mita 33.7. Nikamwuliza, "Anafanya nini?" Akasema, "Amesimama tu." Nikakata simu.

Lakini atakayekutesa kibandani ni Gundam, wa Yoshiyuki Tomino, aliyetoka mwaka 1979. Ukiulizwa, huyo ndiye mwenye mita 18. Kwa kipimo cha hapa ni mnazi wa makamo, ule ambao mkwezi anaupanda bila kuongeza bei. Waliomtangulia walikuwa mashujaa, risasi zao haziishi wala hawaumwi mgongo. Tomino akaleta dubwana kama lori la jeshi: risasi zinaisha, vipuri vinatafutwa, fundi analalamika, dereva ni mtoto asiyetaka kwenda. Mtu yeyote aliyewahi kumiliki daladala atamwelewa Tomino papo hapo.

Haya, sasa uchaguzi wa dubwana. Hapa ndipo wageni wanapoaibika. Mgeni anachagua lile linalong'aa, jeupe lenye bluu na nyekundu, Gundam lenyewe. Kosa. Katika yale magemu ya wawili kwa wawili, yaliyoanza mwaka 2001 na Federation vs. Zeon, kila dubwana lina bei, na nyinyi wawili mna mfuko mmoja. Likilipuka lako, bei yake inakatwa mfukoni. Mfuko ukikauka, mmefungwa hata kama mwenzako yu mzima na anapepea. Ni kamati ya harusi kabisa. Yule anayeng'ang'ania ukumbi wa bei mbaya ndiye anayewafanya wenzake wale wali bila kachumbari. Wewe chagua Zaku. Ni la kijani, lina jicho moja, mabega ya mbeba magunia, bei yake ya huruma. Ukifa mara mbili hakuna atakayekununia.

Utamwona kijana mmoja anachagua Zaku jekundu. Huyo muache. Jekundu ni la Char, dereva wa katuni hiyo ya Gundam, na waumini wa Char wanaamini kwamba chochote kikipakwa rangi nyekundu kinakwenda kasi mara tatu. Nina jirani aliyeipaka bodaboda yake nyekundu kwa itikadi hiyo hiyo, na bado naiwahi kwa miguu pale inapopandisha.

Baada ya hapo vitufe, na tafadhali soma kwa utulivu. Siidii za maroboti nyingi zinazozagaa ni nakala za Kijapani, hazina neno hata moja la kusomeka, na mwenye kibanda hawezi kukusaidia kwa sababu naye alifundishwa na mtoto wa darasa la nne. Pedi ina alama nne: duara, mkasi, pembetatu na mraba. Watoto waliozoea gemu za mpira za Kizungu wanajua mkasi ni "ndiyo" na duara ni "hapana". Kwenye gemu za Kijapani za zamani mambo yamegeuzwa: duara ndiyo, mkasi hapana. Watoto wakiingia humo wanabonyeza mkasi, gemu linawarudisha nyuma, wanabonyeza tena, linawarudisha, mpaka muda unaisha wako palepale mlangoni na mia tano imeliwa.

Sisi wa zamani hatupati shida hiyo hata kidogo. Mwalimu wangu wa hesabu, Mungu amrehemu, alikuwa akikuta kosa anapiga mkasi mwekundu mpaka karatasi inatoboka. Mkasi ni hapana. Haujawahi kuwa ndiyo katika daftari lolote nililorudishiwa. Mjapani naye shuleni kwake anazungushia duara jibu sahihi, kwa hiyo aliyetengeneza pedi alikuwa na akili zake timamu, ni waliokuja nyuma ndio walioiharibu. Niliwaeleza haya watoto wa kibandani, nikaonyesha kwa kubonyeza duara, na mlango uliokuwa umewashinda tangu adhuhuri ukafunguka. Kuanzia hapo nikaitwa shangazi na watoto ambao hata sijui baba zao.

Sasa tuje kwenye silaha, ambako nitakaa kidogo kwa sababu ndiko kwenye utamu.

Silaha ya kwanza ni sauti. Katika katuni hizi dereva hapigi kimyakimya. Anataja kwanza jina la pigo, kwa kirefu na kwa makelele. Mazinger akitaka kurusha ngumi, ile inayochomoka kwenye kiwiko ikaenda yenyewe mpaka kwa adui na kurejea, Koji aliyeko kichwani anapiga ukelele: Roketto Panchi! Na adui anasubiri. Mtoto wa kaka yangu aliniuliza kwa nini adui asimpige wakati bado anatangaza. Nikamwambia: wewe ni mtoto wa Tanga gani?

Kwani taarabu inapigwaje? Wakati kikundi cha Lucky Star kilipochomoka kutoka kikundi cha Black Star, na mji ukagawanyika nusu kwa nusu, kuna mtu aliyewahi kumkatiza mwimbaji katikati ya ubeti? Mwimbaji anatangaza pigo lake, jina kwa jina, tena taratibu, na vyombo vinampamba. Yule anayeimbiwa amekaa safu ya tatu, anajua ni yeye, ukumbi mzima unajua ni yeye, na anasubiri mpaka ubeti uishe. Halafu anainuka na noti yake, anapita mbele kwa mwendo wa pole, anatunza kwenye ubeti unaofuata huku akimtazama mbaya wake, na huyo mbaya naye anasubiri. Vita vyote ni vya watu wanaosubiriana. Mjapani na Mtanga hawajawahi kukaa kikao, lakini hili wameelewana.

Kuna gemu moja linalolijua hili kuliko mengine yote, Super Robot Wars, lililoanza mwaka 1991 kwenye Game Boy, kile kimashine cha mkononi. Limewakusanya wote: Mazinger, Gundam na jamaa zao, kila mmoja kutoka katuni yake, kama ukoo uliokutana kwenye arobaini. Wanapigana kwa zamu, wewe ukimaliza ndipo mwenzako anaanza. Na kila dereva ana kipimo cha mori. Anaanza na 100. Akipiga, akiangusha mtu, mori unapanda. Silaha ndogo unaweza kuzitumia hata ukiwa umepoa, lakini ile kubwa, ile ya kumaliza maneno, haifunguki mpaka mori ufike 120 au 130. Unaiona pale kwenye orodha, imefifia, unaibonyeza, inakataa. Nilipofafanuliwa hilo nilipiga kofi la paja. Nimeona waimbaji wangapi wakubwa wakipanda jukwaani saa tatu na ukumbi umepoa, hawajatunzwa hata mia, na ule wimbo wenyewe wanaubania mpaka saa saba? Si kiburi. Ni mori wao ulikuwa haujafika 130.

Kwa hiyo ukiwa kibandani usitoe maneno yako makubwa dakika ya kwanza. Anza na madogo. Sema kiti kimekuwa kigumu. Sema mwenzako anashika pedi kama anakuna nazi. Ukiona vijana wa nyuma wameanza kucheka, mori unapanda.

Silaha ya pili ni upanga wa mwanga. Unapendeza, haukati muhogo. Tupite.

Ya tatu ni ile wanayoiita faneli, na hapa naomba Watanga tukae wima. Faneli ni vitu vidogo vinavyochomoka kwenye dubwana kubwa, vinaruka vyenyewe, vinamzunguka adui kutoka kila upande na kumchoma vikiwa kundi. Wapenzi wa Gundam wanazisifia kama ubunifu wa miaka ya 1980. Sasa kamuulize babu yeyote wa Raskazone. Tarehe 2 Novemba 1914 Waingereza walianza kushusha hapa jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, chini ya Jenerali Aitken, kuja kuuteka mji huu kutoka kwa Wajerumani wa Lettow-Vorbeck waliokuwa wachache mno, kama 1,000 hivi. Walipoingia mashambani, risasi zikapasua mizinga ya nyuki. Kilichofuata mnakijua. Nyuki hawakuuliza bendera, walichoma pande zote mbili, lakini waliokuwa wanakimbilia baharini ndio wanaokumbukwa. Magazeti ya Uingereza yakavumisha kwamba Mjerumani aliwatega makusudi kwa waya. Kitabuni vita hivyo vimeandikwa kama Vita vya Nyuki, na faneli zetu zilikuwa hazihitaji betri.

Somo la mchezaji limo katika yaliyobaki ufukweni. Walipokwisha kupanda meli na kuondoka, waliacha, kwa hesabu ya Lettow-Vorbeck mwenyewe, bunduki za mashine 16 na risasi laki sita. Aliye na risasi chache akapigana miaka minne. Kwa hiyo ukiona adui anarudi nyuma kwenye skrini usimfuate kwa pupa. Okota kwanza alichoangusha.

Kuna wasomaji, nawajua, watakaotaka kuacha gemu na kulimiliki dubwana lenyewe. Nawaomba watulie. Mjapani mwenyewe amejaribu. Mwishoni mwa 2020, bandarini Yokohama, walifungua Gundam wa mita 18, tani zipatazo 25, aliyekuwa akikunja magoti, akiinua mkono na kunyoosha kidole. Watu walilia. Lakini ukimtazama vizuri kwa nyuma, kiunoni alishikiliwa na mtambo mkubwa uliomning'iniza, ili asianguke. Kwa lugha ya nyumbani, alikuwa anasimama dede. Alisimama hivyo hadi Machi 2024 wakamfungia pazia. Sasa ikiwa mwenye mali amemshika mtoto kiuno miaka mitatu na ushee na hajatembea hata kutoka jikoni hadi ukumbini, wewe utampitisha wapi, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, ambako mkokoteni wa maji na baiskeli mbili zikikutana lazima mmoja arudi kinyumenyume? Na nyaya za umeme je? Na kanga za watu zilizoanikwa?

Baki na pedi.

Nimalizie kwa mfano wa vitendo, wa Alhamisi moja mwezi uliopita, ili msiseme shangazi anafundisha asichokijua. Nilikwenda kumchukua mtoto. Alikuwa ameshafungwa na kijana mmoja mwembamba, miaka kumi na miwili kwa makadirio, mpole, kofia ya kufuma, ambaye kibanda kizima kinamwogopa. Sheria ya pale ni moja: anayefungwa anatoka. Nikaweka mia tano, nikakunja kanga, nikachagua Zaku la kijani. Yeye akachukua Gundam. Safari hii mmoja kwa mmoja.

Nilianza na madogo, kama nilivyowashauri. Nikasema hili benchi msumari wake una adabu kuliko wachezaji. Nyuma wakacheka. Nikasema Gundam jeupe hivyo, nani anamfulia? Wakacheka zaidi. Nilihisi mori unagonga 125. Nikasimama, nikaishika pedi mbele ya kifua kama kipaza sauti, nikamwambia, "Sikiliza, baba," na nikaanza kulitangaza pigo langu kwa jina lake lote, ukoo wake, na mahali litakapompata. Na yule mtoto, kwa kuwa amelelewa na kwao, alipoona mtu mzima anazungumza akateremsha pedi mapajani, akanitazama usoni, akasikiliza.

Zaku likampiga bazuka mbili. Gundam chini. Kibanda kilitikisika mpaka mwenye duka la jirani akaja kuuliza kama umeme umerudi.

"Shangazi, hiyo si haki," akasema, kwa sauti ya chini.

"Ulisubiri mwenyewe," nikamjibu.

Ikabaki raundi ya mwisho. Hakusema kitu. Alisogea akakaa vizuri, akavuta kofia, tukaanza. Nilimkimbiza, akajificha nyuma ya jengo. Nikatoa neno, hakucheka mtu. Nikatoa la pili. Nikamwona ametokeza upande wa kushoto, wazi kabisa, jicho la Zaku langu limemshika, kidole changu kiko juu ya kitufe. Ndipo akageuza shingo. Alinigeukia mzima mzima, macho chini, mkono wa kushoto kifuani, akasema taratibu kama mtoto aliyetumwa na mama yake:

"Shikamoo, shangazi."

Hakuna Mtanga anayeweza kuiacha shikamoo ikaanguka chini. Nikainua mkono kwenye pedi.

"Marahaba, baba. Hamjambo nyumbani?"

Mkono wake wa kulia haukuwa umeiacha pedi muda wote huo. Nilisikia mlipuko kabla ya kusikia kwamba nyumbani hawajambo.

"Anayefungwa anatoka," akasema mwenye kibanda, na mtoto wa kaka yangu akawa ameshakaa mahali pangu, anaomba mia tano.